Ng'ombe wa Kwenye Simu na Ng'ombe wa Kwenye Lori

Mkulima wa Tunduma akitaka jozi ya maksai kutoka Laela, au mfugaji wa Mbeya akitafuta mtamba kutoka Nkasi, siku hizi hapandi basi kwanza. Anaomba picha. Picha zinatumwa, bei inatajwa, malipo ya awali yanapita kwenye simu, mnyama anapakiwa. Zamani angekuja mnadani mwenyewe, azunguke, ashike nundu, afungue kinywa, amtazame mnyama anavyotembea, kisha pengine aondoke bila kununua chochote. Kazi yote ile ya macho na mikono sasa imebebeshwa picha tatu au nne, na anayezipiga ni kijana mwenye studio Sumbawanga mjini ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa kwenye harusi.

Kwa huyo kijana ndiko ninakoelekeza maneno haya, na kwa wafugaji wanaomlipa. Wanunuzi nao wasome, watajua la kuuliza.

Naanza na harusi kwa sababu tatizo linatokea huko. Mpiga picha wa harusi amezoea kulainisha ngozi ya bibi harusi, kung'arisha macho, kuondoa chunusi. Hakuna anayedanganyika: ukumbi mzima unamjua binti, na bwana harusi hakumchagua kwa picha ile. Tabia hiyohiyo ikihamishiwa kwa ng'ombe inageuka kitu kingine kabisa. Mnunuzi hamjui mnyama. Hana ndugu aliyekaa naye. Picha ndiyo ushahidi pekee alio nao, na wewe uliyeipiga umekuwa shahidi hata kama hukuapishwa. Anayekulipa ni muuzaji, lakini anayekutegemea ni mtu usiyemwona.

Ushauri mwingi uliopo duniani kuhusu picha za kuuzia wanyama umeandikwa kwa ajili ya farasi, mnyama ambaye Tanzania hajawahi kushamiri: mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika vilihakikisha hivyo. Ukiondoa tandiko, mengi yanatufaa. Mnunuzi wa farasi anataka kuona miguu yote minne, mgongo wote, na mnyama akiwa amesimama bila kupindishwa. Mnunuzi wa maksai wa plau anataka hayohayo, pamoja na bega linalobeba nira.

Kishawishi chenyewe ni cha kale kuliko kamera. Mwishoni mwa karne ya 18 wafugaji wa Uingereza walishindana kunenepesha ng'ombe na kondoo, wakaajiri wachoraji wa kuwatangazia mifugo yao. Thomas Bewick, mchongaji wa picha wa Newcastle, aliitwa kuchora mifugo karibu na Darlington. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1862 akiwa amekwisha kufa miaka mingi, anasimulia kwamba kazi yake haikupendwa kwa sababu aligoma kumwongezea mnyama mafuta mahali ambapo yeye hakuyaona. Wengine hawakugoma. Ndiyo maana ng'ombe katika michoro ya enzi hizo wanafanana na makasha yaliyowekewa miguu ya meza. Na wanaodhani mambo hayo yameisha watazame Saudi Arabia: kwenye mashindano ya urembo wa ngamia ya Mfalme Abdulaziz, ngamia 12 waliondolewa mwaka 2018 kwa kudungwa botoksi, na mwaka 2021 wakaondolewa zaidi ya 40 kwa hila za aina hiyo. Palipo na fedha ndani ya umbo la mnyama, kuna mtu atalirekebisha umbo.

Sasa tuje kwetu. Uongo mkubwa kuliko wote Ufipa hauhitaji programu yoyote. Unahitaji kalenda tu. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili au mapema Mei. Mwezi wa tano ng'ombe ana ngozi inayong'aa, mbavu zimefunikwa, nundu imesimama. Mwezi wa kumi nyasi zimekauka au zimechomwa, na mnyama yuleyule unaweza kumhesabu mbavu ukiwa ng'ambo ya barabara. Bahati mbaya ni kwamba maksai hutafutwa sana hapo hapo Oktoba na Novemba, wakulima wakijiandaa kulima. Kwa hiyo muuzaji anafungua simu yake, anachagua picha ya Mei, anaituma Oktoba. Picha haikuguswa hata kidogo. Kila kilichomo ni cha kweli, isipokuwa mnyama huyo hayupo tena.

Dawa yake ni rahisi. Picha ya kwanza ya kila mnyama iwe na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nzito: tarehe, kijiji, namba ya hereni. Kishikwe karibu na kichwa, namba ya hereni yenyewe isomeke sikioni. Tangu ipitishwe Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010, na hasa tangu kampeni ya hereni za kielektroniki ya miaka ya karibuni, hereni imekuwa njia nyepesi ya kufunga picha na mnyama mmoja. Kama hana hereni, piga picha ya chapa yake. Usitegemee tarehe iliyofichwa ndani ya faili, kwa sababu WhatsApp huiondoa inapobana picha. Mnunuzi akiitaka, mtumie picha kama dokumenti, hapo faili husafiri nzima.

Uongo wa pili unafanywa kwa miguu, yaani pale unaposimama. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana. Ukimkaribia mnyama kwa mbele, kichwa na kifua vinavimba na makalio yanasinyaa. Ukichuchumaa chini kabisa, miguu inarefuka na tumbo linapanda. Ukisimama juu ya ukingo, mgongo unapanuka na ng'ombe anaonekana mnene. Hakuna filta hapo, na mnunuzi hawezi kugundua. Rudi nyuma hatua nane au kumi, kuza mara mbili, shusha simu hadi usawa wa katikati ya ubavu, simama ukitazamana na ubavu sawasawa. Piga upande wa kushoto, kisha wa kulia. Wapo wauzaji ambao kila siku wanataka upande mmoja tu upigwe, na ukienda upande wa pili utajua kwa nini.

Halafu kuna mchungaji wa kushika kamba. Akiwekwa mtoto wa miaka minane, maksai wa kawaida anakuwa jitu. Akisimama mtu mzima hatua tatu nyuma ya mnyama, matokeo ni yaleyale. Mimi napendelea ndoo ya lita 20. Hakuna mtu kuanzia Kasanga hadi Dar es Salaam asiyejua ukubwa wake. Iwekwe chini karibu na miguu ya mbele, kwenye mstari uleule na mnyama. Ina faida nyingine: mtu akiivuta picha kwa upana ili ng'ombe awe mrefu, mdomo wa ndoo unapanuka nao na hila inajulikana mara moja.

Kuhusu kuhariri kwenyewe, naweka mpaka mmoja ambao naona unatosha kwa sehemu kubwa ya kazi: programu iguse mwanga, isiguse mwili. Ng'ombe mweusi akipigwa saa saba mchana, kwa jua kali la uwanda wetu ulio juu ya mita 1,700, anatoka kama shimo jeusi. Ukipandisha vivuli mpaka mbavu na misuli ya paja vionekane, umemsaidia mnunuzi aone kilichokuwepo. Ni uhariri wa haki, na kutoufanya ni uvivu. Kukata pembeni ni haki pia, mradi hukati kwato. Kunyoosha picha iliyolala upande, sawa.

Rangi inataka uangalifu zaidi. Wanunuzi wengi wa jozi hupenda maksai wanaofanana, na filta yenye joto la machungwa inaweza kumfanya wa kahawia hafifu awe mwekundu kama mwenzake. Mwekee karatasi nyeupe begani kwenye picha mojawapo. Karatasi ikigeuka ya njano kwenye skrini, rudisha rangi mpaka iwe nyeupe, kisha tumia kipimo hicho kwa picha zote za mnyama huyo. Jua la saa kumi na moja jioni ni zuri, wala sikuzuii kulitumia, lakini lina kawaida ya kumpaka kila mnyama dhahabu.

Tatizo ni pale programu inapoingia mwilini. Kufuta kovu la nira begani, kujaza mbavu, kunyoosha mgongo uliobonyea, kuondoa ukungu wa jicho, kusawazisha pembe iliyokatika. Kila mtu anajua hayo ni udanganyifu, na sitapoteza wino. Ila lipo linalofanywa bila mtu kukusudia. Simu nyingi zina kulainisha ngozi kunakojiwasha kwenyewe, na programu za kuondoa chengachenga hufanya hivyohivyo. Ngozi ya ng'ombe ikilainishwa, kupe wanatoweka. Vinundu vya mapele ngozi vinatoweka navyo. Hapo umekwisha kuvuka suala la bei: umesaidia ugonjwa unaoenezwa na wadudu wanaouma kupanda lori na kuingia kwenye zizi la mtu ambaye mifugo yake ilikuwa mizima. Zima kila kitu chenye jina la urembo kabla hujatoka studio, na kagua tena ukifika, kwa sababu simu nyingine hukiwasha upya zikisasishwa.

Na mandhari? Vijana wanapenda kumtoa ng'ombe kwenye zizi lenye matope na kumweka kwenye majani mabichi, siku hizi programu inafanya hivyo kwa kugusa mara moja. Wanasema wamebadilisha nyuma tu. Mimi siwaungi mkono. Majani mabichi Oktoba yanamwambia mnunuzi kwamba mnyama huyu analishwa vizuri kiangazi, na hiyo ni habari inayohusu mnyama. Tena programu hizo hula manyoya ya mkia na kuzamisha kwato ndani ya nyasi za bandia, wakati kwato ndizo mtu wa plau anazitafuta kwanza. Kama zizi ni chafu, mtoe mnyama. Mpeleke kwenye ardhi ngumu yenye nyasi fupi, mwoshe, mkaushe, piga. Nusu saa ya ndoo na brashi inashinda jioni nzima ya kuhariri, na tope lililooshwa limeondoka kweli.

Kuosha si sawa na kupamba. Kiwi ya viatu juu ya kovu, mafuta ya kula kwenye ngozi, chumvi ili ng'ombe anywe maji ajae tumbo, ng'ombe wa maziwa kuachwa bila kukamuliwa tangu jana ili kiwele kivimbe: hizi ni hila za mnadani zilizokuwepo kabla ya simu, na zikipigwa picha zinapata maisha marefu zaidi. Huwezi kuzizuia zote. Unachoweza ni kuuliza, mbele ya kamera, ng'ombe amekamuliwa saa ngapi, na kuandika jibu kwenye maelezo ya picha. Muuzaji akijua jibu litaandikwa, mara nyingi anakwenda kumkamua.

Najua mazungumzo yanavyokuwa zizini. Umemwamkia mzee, umepewa kigoda, mmeongea habari za mvua. Kisha anakuambia, "Mwanangu, hilo kovu si unalifuta tu humo kwenye simu?" Kumkatalia mtu wa rika la baba yako ni kazi. Usimhubirie. Mwambie, "Naweza kulifuta kwenye simu, baba, lakini huko Mbeya atashuka nalo." Kisha mweleze hesabu, maana wazee wetu wanaijua hesabu kuliko mahubiri.

Hesabu yenyewe ni hii. Kovu likionyeshwa kwenye picha, mnunuzi anaomba apunguziwe kidogo, mnavutana, mnakubaliana, mnyama akiwa bado zizini na muuzaji akiwa na nguvu ya kusema basi, niachie. Kovu likigunduliwa pale lori linaposhusha, mambo yamegeuka. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200. Nauli imelipwa, kibali cha kusafirisha mifugo kimetumika, na kumrudisha mnyama kunataka nauli nyingine na kibali kingine chini ya taratibu za Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Ikitokea karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, harudi kabisa. Muuzaji yuko mbali, ng'ombe yuko kwenye zizi la mtu, na kila dakika mnunuzi anashusha bei. Mara nyingi anayeumia pale ni yuleyule aliyeomba kovu lifutwe.

Sheria nayo haijalala. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu aliyekubali mkataba kwa kudanganywa anaweza kuuvunja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja kughushi na ulaghai unaofanywa kwa kompyuta. Mpiga picha anayesema "mimi nilitumwa tu" ajiulize faili iliyohaririwa iko kwenye kompyuta ya nani.

Picha zenyewe ziwe zipi? Ubavu wa pande mbili, mbele, nyuma, kwato zote nne kwa karibu, bega na nundu mahali nira inapokaa, macho, na kinywa. Kinywa kinarukwa sana kwa sababu kinasumbua, lakini ndicho kinachotaja umri bila kumbembeleza mtu. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutokea karibu na miaka miwili, na kinywa hujaa manane karibu na miaka minne hadi mitano, ng'ombe wetu wa kienyeji wakichelewa kidogo. Shika mdomo wa chini, mwanga uingie, piga. Baada ya hapo muuzaji anayesema "ana miaka mitatu" atakuwa anabishana na meno.

Ongeza kipimo. Zungusha futi ya fundi cherehani kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya makalio. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, vyote vikiwa sentimita; unapata makadirio ya kilo. Kifua cha sentimita 150 na urefu wa 130 vinatoa kama kilo 270. Si mizani, na uandike kwamba ni makadirio. Lakini picha ya futi ikiwa mwilini, namba zikisomeka, inafanya kazi ambayo picha kumi nzuri haziwezi.

Video fupi ni ya lazima kwa maksai. Atembee hatua 20 kwenye ardhi ngumu, ageuke kushoto, ageuke kulia, arudi. Kama anauzwa kuwa amezoea plau, avalishwe nira avute. Hapa kuna mtego mwingine: video ikipunguzwa kasi, mnyama anayechechemea anaonekana anatembea kwa maringo. Kupunguza kasi si kosa lenyewe. Tangu Eadweard Muybridge alipopiga mfululizo wa picha za farasi anayekimbia huko California mwaka 1878, tunajua jicho linakosa mengi kwenye mwendo. Tuma ya kasi ya kawaida kwanza, kisha ya polepole, na uiite hivyo. Usiweke muziki juu yake. Sauti ya kwato inasema mambo, na kikohozi pia.

Maelezo chini ya picha yawe mafupi na makavu. Kwa mfano: "Maksai wawili, wekundu. Meno sita kila mmoja. Wamelima misimu miwili. Wa kushoto ana kovu la nira begani, limepona. Wamepigwa picha Laela, 14 Oktoba. Kilichohaririwa: mwanga, na kukatwa pembeni." Sentensi ile ya mwisho iandike kila mara, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Ufaransa, tangu 2017, picha ya tangazo la biashara iliyopunguza au kuongeza umbo la mwanamitindo lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Kwetu hakuna aliyekulazimisha kwa ng'ombe. Utaona lakini kwamba baada ya muda wanunuzi wanaanza kuitafuta sentensi hiyo, na wapiga picha wasioiweka wanaulizwa kwa nini.

Malipo nayo yanaamua mengi. Toza kwa kila mnyama, bei moja, ilipwe auzwe asiuzwe. Ukikubali asilimia ya mauzo umekuwa dalali. Udalali ni kazi halali, lakini dalali hawezi kuwa shahidi wa bidhaa yake mwenyewe. Mfugaji akisema hana fedha mpaka auze, afadhali umkopeshe kazi kwa bei ileile kuliko kushika sehemu ya ng'ombe.

Tunza picha za asili ambazo hazijaguswa, kwenye memori kadi tofauti, faili ziitwe kwa namba ya hereni na tarehe. Zikae angalau hadi msimu wa kulima uishe, kwa sababu malalamiko ya maksai huja wiki ya kwanza ya plau. Mnunuzi akipiga simu akisema ng'ombe aliyeshuka siye, hutahitaji kugombana naye wala kumtetea mtu. Unamtumia faili ya asili kama dokumenti, unamwomba apige sikio lenye hereni kwa simu yake, na mnalinganisha namba.